Waliokuwa Wamormoni: sauti za waliotoka na athari zake kwa Kanisa

Waliokuwa Wamormoni ni watu waliowahi kuwa waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kisha wakajiondoa, wakatengwa au wakaacha kushiriki. Makala hii inawahusu hasa wale waliosema hadharani yale waliyoyaona na kuyapitia ndani. Kanisa hilo lina makao makuu Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani. Liliasisiwa na Joseph Smith tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, na leo linatangaza kuwa na waumini zaidi ya milioni 17 duniani.

Kwa karibu karne mbili waliotoka wamekuwa miongoni mwa wa kwanza kuyaweka wazi mambo ambayo Kanisa lilikuja kuyakubali lenyewe baadaye: ndoa za mitala za mwasisi wake, mapungufu katika kulinda watoto, na ukubwa wa hazina yake. Viongozi hueleza mabadiliko yao kuwa ni ufunuo au marekebisho ya kawaida ya uongozi. Hata hivyo, tarehe zikipangwa kwa mfuatano, mara nyingi sauti ya aliyetoka hutangulia na badiliko hufuata. Athari hiyo imekuwa kubwa zaidi pale msemaji alipokuwa na ushahidi mkononi, na waumini waliobaki nao walipokuwa na swali lilelile.

Kutoka na gharama yake

Muumini anaweza kuandika barua kuomba jina lake liondolewe kwenye kumbukumbu za Kanisa. Anaweza pia kutengwa na baraza linaloongozwa na askofu wa kata (usharika wa mahali) au rais wa kigingi (muungano wa kata kadhaa), hatua ambayo tangu 2020 mwongozo wa Kanisa unaiita kuondolewa uumini. Wengine huacha tu kuhudhuria ibada, na majina yao hubaki kwenye hesabu.

Haki ya kujiondoa iliimarishwa na mahakama. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Oklahoma, katika kesi iliyohusu kanisa jingine, iliamua kwamba mtu akishajitoa kanisani, viongozi hawana tena idhini ya kumwadhibu kama muumini. Msingi huo ukawa nguzo kwa kila anayetaka kutoka bila kuitwa kwanza mbele ya baraza.

Gharama kubwa huwa ni ya kifamilia. Wamormoni hufundishwa kwamba mume, mke na watoto huunganishwa hekaluni kwa milele, kwa hiyo mmoja akitoka, waliobaki huona kwamba mnyororo wa milele umekatika. Asiye na kibali cha hekaluni haruhusiwi kuingia, na hivyo mzazi aliyeacha imani husubiri nje wakati binti yake anafungishwa ndoa ndani. Kwa miongo mingi wachumba wa Marekani waliofunga kwanza ndoa ya kiraia, ili ndugu wote washuhudie, walilazimika kungoja mwaka mzima kabla ya kuunganishwa hekaluni. Baada ya miaka ya malalamiko ya familia zilizogawanyika, Kanisa liliondoa sharti hilo Mei 2019.

Nauvoo, 1844

Tukio la kwanza kubwa lilitokea Nauvoo, Illinois, mji ambao Wamormoni waliujenga kando ya Mto Mississippi. William Law alikuwa mshauri wa Joseph Smith katika Urais wa Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya uongozi. Alipojua kwamba Smith alikuwa akioa wanawake wengi kwa siri huku jambo hilo likikanushwa hadharani, alimpinga. Akatengwa Aprili 1844.

Tarehe 7 Juni 1844 Law na wenzake walitoa toleo la kwanza la gazeti la Nauvoo Expositor. Waliandika kwamba bado wanaamini dini waliyofundishwa mwanzoni, ila wanapinga mitala na kitendo cha kulimbikiza madaraka ya dini na serikali mikononi mwa mtu mmoja. Siku tatu baadaye baraza la mji, Smith akiwa meya, liliamuru gazeti liangamizwe. Mashine ya kuchapia ilivunjwa, herufi zake zikamwagwa barabarani na nakala zilizopatikana zikachomwa moto. Tendo hilo lilizua mashtaka yaliyompeleka Smith katika jela ya Carthage, na huko aliuawa na kundi la watu wenye silaha tarehe 27 Juni 1844. Toleo la pili halikutoka kamwe. Mwaka 1852, wakiwa tayari wamehamia Utah, viongozi walitangaza hadharani fundisho la mitala ambalo Expositor lilikuwa limelifichua.

Wanawake wa Utah

Katika miaka ya 1870 sauti zilizosikika zaidi Marekani zilikuwa za wanawake waliotoka kwenye ndoa za mitala au waliozipinga. Fanny Stenhouse alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1874, zikiwa na dibaji ya Harriet Beecher Stowe, mwandishi maarufu aliyepinga utumwa. Ann Eliza Young, mmoja wa wake wa Brigham Young, kiongozi aliyemfuata Smith, alifungua kesi ya talaka mwaka 1873, kisha akazunguka nchi akihutubia, hadi Washington.

Hotuba hizo ziliongeza joto la kisiasa wakati Bunge la Marekani lilipokuwa likitunga sheria dhidi ya mitala. Sheria ya Poland ilipitishwa mwaka 1874, ya Edmunds mwaka 1882, na ya Edmunds-Tucker, iliyoruhusu mali za Kanisa kutaifishwa, mwaka 1887. Mwaka 1890 Rais wa Kanisa, Wilford Woodruff, alitoa tamko la kusitisha ndoa mpya za mitala. Wanawake hao hawakuleta badiliko hilo peke yao, kwani dola ilikuwa na sababu zake. Mchango wao ulikuwa kuonyesha uzito wa mitala katika maisha ya mke aliyekuwa ndani yake.

Wanahistoria na nyaraka

Karne ya 20 mapambano yalihamia kwenye nyaraka. Fawn M. Brodie, aliyelelewa Huntsville, Utah, na mpwa wa kiongozi mkuu David O. McKay, alichapisha mwaka 1945 wasifu wa Joseph Smith uitwao No Man Knows My History. Aliorodhesha humo wanawake 48 ambao, kwa maoni yake, walikuwa wake wa Smith. Mwaka uliofuata alitengwa. Mwaka 2014 Kanisa lenyewe lilichapisha insha iliyosema kwamba makadirio makini ya idadi ya wake hao ni kati ya 30 na 40, na kwamba mmoja alikuwa bado hajatimiza miaka 15. Takriban miaka 70 ilipita kati ya kutengwa kwa Brodie na kukubaliwa kwa kiini cha jambo aliloandika.

Jerald na Sandra Tanner wa Salt Lake City walitumia miongo kadhaa kuchapisha nyaraka za kale za Kanisa ambazo waumini wa kawaida hawakuzijua. Sandra ni wa uzao wa Brigham Young. Uaminifu wa Jerald ulionekana mwaka 1984, ilipojitokeza barua iliyodaiwa kuandikwa mwaka 1830, ikisimulia mwanzo wa Umormoni kwa namna ya kichawi. Barua hiyo ingewafaa sana wakosoaji. Jerald alitilia shaka uhalisi wake mapema na kusema hivyo waziwazi. Aliyeileta, Mark Hofmann, aligundulika kuwa mghushi, na mwaka 1985 aliua watu wawili kwa mabomu katika jitihada za kuficha ulaghai wake.

Septemba 1993 waandishi na wasomi sita waliadhibiwa ndani ya mwezi mmoja: watano walitengwa, na Lynne Kanavel Whitesides akawekewa vizuizi. Kati yao alikuwamo mwanahistoria D. Michael Quinn, aliyekuwa ameonyesha kwamba viongozi waliendelea kuidhinisha ndoa za mitala hata baada ya tamko la 1890, na Lavina Fielding Anderson, aliyeorodhesha visa vya waumini walioonewa na viongozi wao. Anderson aliendelea kuhudhuria ibada katika kata yake kwa miaka mingi baada ya kutengwa. Kisa chake kinaonyesha kwamba si kila aliyetengwa aliiacha imani.

Enzi ya intaneti

Intaneti iliondoa ukuta uliokuwa ukiwatenga wenye maswali. John Dehlin alianza mwaka 2005 kurekodi mahojiano marefu na waumini na waliotoka, na alitengwa mwaka 2015. Mwaka 2013 Hans Mattsson wa Sweden, aliyewahi kuwa kiongozi wa ngazi ya juu wa Kanisa barani Ulaya, alilieleza gazeti la New York Times jinsi alivyoshtushwa na historia ambayo hakufundishwa kamwe. Mwaka huohuo Jeremy Runnells, muumini aliyekuwa akipoteza imani, alisambaza maswali yake kwa njia ya barua ndefu, ambayo imesomwa mno na waumini wenye mashaka.

Kati ya 2013 na 2015 Kanisa lilichapisha insha kadhaa kuhusu mambo hayohayo: tafsiri ya Kitabu cha Mormoni na Kitabu cha Ibrahimu, ambavyo ni maandiko yake matakatifu, mitala, na ubaguzi wa rangi. Mwaka 2015 lilitoa pia picha ya jiwe ambalo Smith anasemekana kulitumia katika kutafsiri Kitabu cha Mormoni. Kijana Mmormoni wa leo anaweza kuyasoma katika machapisho ya Kanisa lake mambo ambayo babu yake angeyaona kuwa uzushi wa maadui.

Novemba 2015 Dehlin aliweka hadharani kanuni mpya ya ndani iliyowaita waasi waumini walio katika ndoa za jinsia moja, na kuwazuia watoto wao kubatizwa mpaka wafikie miaka 18 na kuikana desturi ya ndoa za jinsia moja. Mamia walikusanyika Salt Lake City kuwasilisha barua za kujiondoa. Kanuni hiyo ilifutwa Aprili 2019.

Watoto na fedha

Sam Young wa Houston, Texas, aliyewahi kuwa askofu, alipinga desturi ya askofu kukaa faraghani na mtoto na kumuuliza kuhusu usafi wa kimwili. Machi 2018, siku chache kabla ya maandamano aliyoyaongoza Salt Lake City, Kanisa liliruhusu mtoto aingie na mtu mzima mwingine akitaka. Miezi mitatu baadaye lilichapisha maswali yanayopaswa kuulizwa, ili wazazi wayaone mapema. Young alitengwa Septemba mwaka huo. Mabadiliko hayo yalibaki na yeye akatolewa, na haki inadai jambo hilo litajwe kila mabadiliko hayo yanaposifiwa.

Kuhusu fedha, David Nielsen, aliyekuwa meneja katika Ensign Peak, kampuni ya uwekezaji ya Kanisa, aliwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya kodi ya Marekani. Desemba 2019 gazeti la Washington Post liliripoti kwamba hazina hiyo ilikuwa na takriban dola bilioni 100. Februari 2023 tume inayosimamia masoko ya hisa ilitangaza faini ya dola milioni 5, milioni 4 kwa Ensign Peak na milioni 1 kwa Kanisa, kwa kutumia kampuni za jina tu kuficha ukubwa wa uwekezaji. Kanisa lilisema lilitegemea ushauri wa wanasheria na kwamba linajutia makosa yaliyotokea. Upande mwingine, James Huntsman, aliyejiondoa na kudai arudishiwe zaka ya dola milioni 5, alishindwa katika mahakama ya rufaa Januari 2025.

Mipaka ya ushuhuda wao

Ushuhuda wa aliyetoka unapaswa kupimwa kama ushuhuda mwingine wowote. John C. Bennett, meya wa kwanza wa Nauvoo, alichapisha mwaka 1842 tuhuma zilizochanganya ukweli na chumvi nyingi, na wanahistoria huzitumia kwa tahadhari. Baadhi ya maandishi ya karne ya 19 yalichochea chuki dhidi ya jamii iliyokuwa tayari imefukuzwa Missouri kwa nguvu. Waumini wengi wanaojua historia yote hii wamechagua kubaki, na wapo waliotengwa wakarudi, akiwemo Maxine Hanks, mmoja wa wale sita wa 1993.

Kwa upande wa takwimu, utafiti wa kituo cha Pew ulionyesha kwamba mwaka 2007 asilimia 70 ya Wamarekani waliolelewa Wamormoni walikuwa bado wanajitambulisha hivyo. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 64. Kushuka huko kuna sababu nyingi, zikiwemo zinazoyakumba madhehebu mengine ya Marekani.

Umuhimu kwa Afrika

Hadi Juni 1978 wanaume Weusi wenye asili ya Kiafrika hawakuruhusiwa kupewa ukuhani, na Weusi wote, wake kwa waume, walizuiwa ibada kuu za hekaluni. Mwaka 1977 Byron Marchant wa Salt Lake City alitengwa baada ya kupinga zuio hilo hadharani. Insha ya 2013 ilizikana nadharia zilizotumika kulihalalisha, ikiwemo ile iliyodai kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana. Tangu 1978 Kanisa limekua kwa kasi Kenya, Uganda na hasa Kongo. Kitabu cha Mormoni kinasomwa kwa Kiswahili, hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu mwaka 2019 na la Nairobi mwaka 2025.

Sehemu kubwa ya mjadala wa waliotoka iko kwa Kiingereza, na anayebatizwa Nairobi au Lubumbashi anaweza asiifikie. Anastahili kuijua historia hiyo kabla ya kutoa zaka yake ya kwanza, pamoja na majibu ya Kanisa, kisha aamue mwenyewe. William Law alidai jambo hilo mwaka 1844, na bado ndilo dai la msingi la wengi waliotoka baada yake: muumini aelezwe ukweli wote na wale anaowaamini, bila kungoja kuusikia kwa waliofukuzwa.