Karte moja, kazi nyingi: kitambulisho cha kompyuta ni kitu gani?

Hapa Kindu, tangu Kasuku na Mikelenge mupaka Alunguli ngambo ya Lualaba, mutu akiombwa kitambulisho anatoa karte ya mupiga kura. Anaitoa banki, anaitoa akinunua namba ya simu, anaitoa akifungua M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Lakini karte hii inatoka CENI, na kazi yake ya kwanza ni uchaguzi. Kwa kitambulisho inatumika kwa muda tu. Muda huo umekuwa murefu: taifa letu lilihesabu raia wake mara ya mwisho mwaka 1984.

Shida iko wapi?

Kwanza, watoto hawana karte hiyo. Pili, karte nyingi za mwaka 2023 zilifutika maandishi na picha. Mutu akipoteza simu, na karte yake haisomeki, atapata taabu kuonyesha kama namba ni yake. Na feza yake imebaki ndani ya namba ile.

Tatu, kila ofisi iko na faili yake. Kwa CENI mutu ameandikwa Mwamini, kwa kampuni ya simu Muamini, kwenye listi ya mishahara Mwaminy. Sisi tunajua ni mutu mumoja. Kompyuta inaona watu watatu.

Namna programu zinaunganishwa

Wanaotengeneza programu wanatatua jambo hili kwa namba moja ya pekee kwa kila mutu, pamoja na alama za vidole. Kisha wanajenga kama dirisha kati ya programu na programu. Banki inauliza kupitia dirisha lile: «Namba hii na kidole hiki ni vya mutu mumoja?» Jibu linarudi: ndiyo ao hapana. Ikijengwa vizuri, banki haichukue faili nzima ya mutu. Inapata jibu tu.

Programu ya namna hiyo ambayo kila inchi inaweza kuitumia bila kuinunua ipo. Inaitwa MOSIP, ilianzia Bangalore, India, mwaka 2018. Ethiopia inaitumia kwa kitambulisho chake, Fayda.

Kwetu Kongo

Kazi hii ni ya ONIP, ofisi ya taifa ya kutambulisha raia. Tarehe 30 Juni 2023, Rais Félix Tshisekedi alipokea karte ya kwanza kule Kinshasa. Lakini mwaka 2024 mukataba na kampuni Afritech na Idemia ulivunjwa, na raia wa kawaida akabaki na karte ya CENI.

Sheria haikukosekana: Kodi ya mambo ya kidijitali ilitoka tarehe 13 Machi 2023, na inagusa pia ulinzi wa habari za mutu. Jambo hilo si dogo. Kule Kenya, Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilisema karte za Huduma Namba zilitolewa kinyume cha sheria, juu serikali haikuchunguza kwanza hatari kwa habari za raia. Faili zote zikikusanyika fasi moja, mwizi mumoja anaweza kuiba vyote.

Wakati tunangoja

Mzazi, andikisha mutoto kwenye buro ya eta sivile mbele ya siku 90 tangu azaliwe. Siku hizo zikipita, itabidi kupitia tribinali. Akti ya kuzaliwa ndiyo mushingi: hata mashine ya bei kali haiwezi kujua jina na tarehe ambazo hakuna aliyeandika.

Tena, andika jina lako namna moja kila fasi: shuleni, banki, kwenye simu. Na karte yako ikianza kufutika, usingoje picha iishe kabisa. Uliza CENI juu ya duplikata wakati namba ingali inasomeka.