Tarehe 22 Septemba na magita mawili

Katika kitabu hiki wenzangu wamezoea kuandika juu ya mahari, matanga, mganuro na majina ya koo. Mimi ni mwalimu wa istoria, na leo nataka kuandika juu ya tarehe moja tu ya kalenda. Watu wengi watasema tarehe si mambo ya mila. Lakini mila ya kukumbuka wafu nayo ni mila, na kila mfu ana siku yake.

Ilianza darasani. Redio zetu za huku zinapenda asubuhi kutangaza: siku kama ya leo, fulani alizaliwa, fulani alikufa. Nikaona ni njia nzuri ya kufundisha. Nikawaomba wanafunzi wa mwaka wa tano kila mmoja alete tarehe ya mwanamuziki mmoja wa Kongo. Wengi walileta Franco, aliyezaliwa Sona-Bata tarehe 6 Julai 1938 na kufa Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989. Wengine Papa Wemba, aliyeangukia jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016. Msichana mmoja akaleta Docteur Nico, alikufa tarehe 22 Septemba 1985. Nikasema: vizuri, na nani mwingine alikufa siku hiyo hiyo, miaka 5 kamili baadaye? Kimya. Nikatoa jina mwenyewe: Mwenda wa Bayeke, aliyejulikana pia kama Jean Bosco Mwenda, tarehe 22 Septemba 1990. Kijana mmoja akainua mkono: « Mwalimu, huyo alikuwa anachezaka mu ekipe gani? »

Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani nilikuwa na huzuni, kwa sababu kati ya hao wawili, aliyeimba katika lugha yetu ya Kiswahili ni huyo waliyemdhania mchezaji wa mpira.

Tuanze na Nico, maana habari zake zinajulikana zaidi. Nicolas Kasanda alizaliwa Mikalayi, katika Kasai, tarehe 7 Julai 1939. Ukiangalia vizuri, ni mwaka mmoja na siku moja baada ya Franco. Alikuwa bado kijana wa shule alipoingia African Jazz ya Joseph Kabasele, Grand Kallé, akapiga gita pamoja na kaka yake Dechaud. Alisomea ufundi, angeweza kuwa mwalimu kama sisi. Mwezi Januari 1960 wanasiasa wetu walikwenda Brussels kwenye Meza ya Duara, African Jazz nayo ikaenda, na huko ndiko ulikozaliwa wimbo wa « Indépendance Cha Cha ». Gita unalolisikia humo ni la Nico. Mwaka huo nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru, moja yake ni Mali, iliyoutangaza tarehe 22 Septemba 1960. Basi siku ambayo Wamali wanasherehekea, sisi tunamlilia mtu aliyeupigia uhuru gita. Kalenda haina huruma.

Mwaka 1963 Nico na Tabu Ley Rochereau walimwacha Kallé, wakaanzisha African Fiesta. Haikudumu, wakaachana nao, Nico akabaki na African Fiesta Sukisa. Kisha miaka ya 70 akapotea karibu kabisa. Alijaribu kurudi, akarekodi huko Lomé, Togo, lakini afya ilikuwa imekwisha, na alifia hospitalini Brussels, mji ule ule wa Meza ya Duara.

Mwenda ni istoria nyingine. Vitabu vinampa mwaka wa kuzaliwa tu, 1930. Siku na mwezi hakuna. Alitoka Bunkeya, makao ya mfalme M'siri aliyeuawa mwaka 1891, na jina hilo la Mwenda M'siri mwenyewe alikuwa nalo. Wayeke wa M'siri walitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, kwa njia ile ile ya biashara iliyoleta Kiswahili Katanga. Halafu yakaja machimbo ya shaba, na kambi za wafanyakazi zikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya kila siku. Katika kambi hizo gita lilikuwa redio ya maskini: mtu mmoja, nyuzi sita, jioni baada ya kazi.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akikusanya muziki, alimkuta Mwenda Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na akamrekodi. Humo mlikuwamo « Masanga ». Yeyote anayejua gita atakuambia ugumu wa kipande hicho: kidole gumba kinatembea chini, kidole cha shahada kinajibu juu, na wewe unayesikiliza unaapa ni watu wawili. Sahani hizo zilivuka mipaka. Mwenda alikwenda Nairobi, akapiga huko, na vijana wa Kenya wakajifunza kwake na kwa Edouard Masengo, ndugu yake. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la Newport, Marekani. Mtoto wa Bunkeya, na Kiswahili chake! Alikufa kwa ajali ya gari katika Zambia.

Sasa swali linalonisumbua: kwa nini Nico anakumbukwa na Mwenda hapana? Sisemi Nico amezidishiwa heshima. Ni Kinshasa iliyokuwa na viwanda vya sahani, redio kubwa, televisheni, na orkesta za kuchezesha watu mpaka asubuhi. Gita la Mwenda halichezeshi umati, linataka usikilizwe umekaa. Tena Lingala ilikuwa lugha ya jeshi na ya muziki, na sisi wa mashariki tuliikubali hivyo bila kuuliza. Hata jina la Kamanyola tulilipeleka Kinshasa: uwanja mkubwa wa mpira uliitwa Kamanyola mpaka mwaka 1997, ulipoitwa Stade des Martyrs, na meli ya Mobutu nayo iliitwa hivyo hivyo. Jina letu lilikwenda, lakini sijui kama kuna mtu wa kule aliyeuliza huku watu wanaimba nini.

Na tarehe zenyewe ni za kuangalia kwa makini. Tabu Ley, kwa mfano, wengine wanaandika 1937, wengine 1940. Wazee wetu hawakuzaliwa na karatasi. Tarehe iliandikwa na padri siku ya ubatizo, ao na karani siku ya kuomba kazi, naye aliandika alichoambiwa. Siku ya kufa ndiyo yenye uhakika, kwa sababu wakati huo mtu amekwisha kuwa mashuhuri. Ndiyo maana nimechagua siku ya kufa.

Baada ya somo lile nilimtembelea mzee mmoja wa hapa kwetu anayepiga gita kwenye matanga na arusi. Nilikuwa na daftari. Nikamuuliza: « Mzee, ulizaliwa tarehe gani? » Akajibu: « Mwalimu, sijue. Mama alikuwa anasemaka ni wakati wa uhuru, mahindi ilikuwa imekomala. » Nikaandika: 1960, mahindi yamekomaa. Kisha nikamuuliza kama anamjua Mwenda wa Bayeke. Hakujibu. Alichukua gita, akakaza uzi mmoja, na kidole gumba kikaanza kutembea.