Langalanga, na mkimbizi aliyeshinda Safari ya Pasaka 1973

Redio ikisoma matokeo ya michezo Jumapili jioni, tunasikia neno "langalanga". Hamilton ameshinda langalanga, Verstappen ameshinda langalanga. Wiki hii kijana mmoja wa hapa Majengo, fundi wa pikipiki, aliniuliza: hicho ni Kiswahili cha wapi? Mzee mmoja aliyekuwa anangoja tairi lake lizibwe akamjibu kwamba ni sauti ya injini. Jibu limetuchekesha wote, lakini silo.

Langa Langa ni mahali. Ni upande wa Nakuru, Kenya, ndani ya Bonde la Ufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na njia ya mzunguko ambapo watu wenye magari walikutana kushindana. Haikuwa kazi ya mshahara. Mtu alikuja na gari lake mwenyewe, akazunguka nalo kwa mwendo ambao barabara ya kawaida haimruhusu, na kama halikuharibika alirudi nalo nyumbani. Jina la mahali likawa jina la mchezo, na leo Waswahili wengi wanalitumia bila kujua kwamba ni jina la mtaa wa watu.

Mmoja wa walioshinda pale aliitwa Neil Vincent. Jamaa yake, Eric Cecil, alikuwa katika uongozi wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akamwomba aendelee kuunga mkono mbio za Langa Langa. Vincent akakataa. Inasimuliwa kwamba alimwambia hakuna kitu kinachochosha kama kuzunguka palepale. Lakini mkituandalia mbio za kuingia garini, kufunga mlango, kwenda hadi katikati ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi, mimi nipo.

Cecil na wenzake wakaziandaa. Tarehe 27 Mei 1953 magari yaliondoka kwa safari ya kuzunguka ziwa Victoria, kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, hadi tarehe 1 Juni. Ilikuwa heshima kwa malkia Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anatawazwa tarehe 2. Magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, ili mwenye gari dogo asishindanishwe na tajiri. Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyoendeshwa na Alan Dix na Johnny Larsen, ndiyo iliyofanya vizuri kuliko nyingine.

Tusisahau mwaka huo ulikuwaje Kenya. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Watu wenye magari walikuwa wanashindana huku Wakikuyu wengi wanafungwa na kuhamishwa kwa nguvu. Wenye nchi waliona vumbi tu.

Mbio hizo zilikua haraka. Mwaka 1960 zikaitwa East African Safari Rally, na viwanda vya Ulaya na Japani vikaanza kuleta magari na mafundi wao. Hata hivyo mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, fundi wa garaji mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo kuukuu. Timu ya kiwanda ilikuwa imelitumia mwaka uliotangulia, ikaliacha. Kwangu mimi huo ndio ushindi mtamu kuliko wote wa Safari. Kijana wetu fundi wa pikipiki naye alisimama kidogo aliposikia hilo, spana mkononi.

Sasa nije kwa yule niliyemtaja juu, maana najua wengi wanaosikiliza hapa wamelala nyumba zisizo zao.

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba makubwa. Alianza mashindano akiwa na miaka 21, kwa BMW. Mwaka 1971 alikuwa wa pili katika Safari, akiendesha Datsun 240Z, gari la michezo la viti 2, pua ndefu, injini ya silinda 6. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Familia ya Mehta ikaacha vyote, ikakimbilia Kenya.

Lazima niseme ukweli: haikuwa sawa na kukimbia kwetu. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotema moto ukaja hadi Buhene, karibu kabisa na Majengo, watu waliondoka usiku na godoro kichwani, na mwenye chukudu alikuwa na bahati. Mehta alikuwa na jina, na kiwanda cha Japani kilimjua. Waasia wengi waliofukuzwa naye hawakungojwa na gari la mtu yeyote, wala Waganda waliouawa na Amin hawakupewa hata siku 90. Lakini nyumba iliyoachwa ni nyumba iliyoachwa.

Pasaka iliyofuata, Aprili 1973, Mehta alikuwa tena kwenye Safari na Datsun 240Z, pamoja na Lofty Drews. Katika mbio hizo kila kituo kina saa yake, na ukichelewa unaandikiwa adhabu. Zilipokwisha, Mehta na Msweden Harry Källström, naye wa Datsun, walikuwa na adhabu sawa kabisa. Waamuzi wakarudi kwenye karatasi kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuandikiwa adhabu ya kwanza. Alikuwa Mehta. Na mwaka huohuo ndio ubingwa wa dunia wa rali ulianza, kwa hiyo ushindi wake umo katika kitabu cha kwanza.

Alishinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, akihesabiwa kama Mkenya. Baadaye aliongoza tume ya rali ya dunia. Alifariki London Aprili 2006.

Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi Juni 2021, Naivasha. Mwezi huo sisi tulikuwa tunarudi kutoka Sake, Minova na Gisenyi, barabara ya Rutshuru ilikuwa imekatwa na mawe ya moto mwezi uliotangulia, na nani kati yetu alikuwa na nafasi ya kusikiliza matokeo.