Utoaji wa pointi katika ngumi

Utoaji wa pointi katika ngumi ni utaratibu wa kumpata mshindi wa pambano la ngumi (pia huitwa ndondi au masumbwi) pale ambapo mabondia wote wawili wamemaliza raundi zote bila mmoja wao kushindwa kuendelea. Kazi hiyo hufanywa na majaji wanaokaa kando ya ulingo, kila mmoja akiandika pointi zake bila kushauriana na wenzake.

Mabondia wanapokuwa wamelingana uwezo, matokeo ya majaji huleta ubishi, na mwingine hudumu miaka mingi. Sehemu kubwa ya ubishi huo ina chanzo kimoja: mtazamaji hulipima pambano zima, lakini jaji hupima raundi moja moja.

Asili

Katika ngumi za kale za Uingereza hapakuwa na pointi. Watu walipigana mikono mitupu hadi mmoja ashindwe kuendelea. Kanuni za Queensberry, zilizotangazwa mwaka 1867 na kuandikwa na John Graham Chambers, zilileta glovu na raundi za dakika 3 zenye mapumziko ya dakika 1. Pambano lilipowekewa muda, ilibidi pawe na njia ya kuamua nani ameshinda muda ukiisha. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa ya mwamuzi wa ndani ya ulingo peke yake. Nchini Uingereza utaratibu huo umeendelea hadi karne ya 21 kwa mapambano mengi ya ndani ya nchi.

Jinsi pointi zinavyohesabiwa

Katika ngumi za kulipwa majaji huwa watatu, nao hukaa pande tatu tofauti za ulingo. Mshindi wa raundi hupewa pointi 10, na aliyeshindwa hupewa 9. Bondia akiangushwa, kwa kawaida raundi huandikwa 10-8, na akiangushwa mara mbili huandikwa 10-7. Mwamuzi anaweza pia kuagiza bondia akatwe pointi kwa kucheza faulo, kwa mfano kupiga chini ya mkanda au kupiga kichwa kwa kichwa. Raundi ya sare, 10-10, inaruhusiwa, lakini majaji wengi huikwepa.

Katika pambano la raundi 12, bondia aliyeshinda raundi 7 na kupoteza 5 hupata pointi 115 kwa 113. Raundi moja tu ikihamia kwa mwenzake, matokeo huwa sare ya 114-114. Ikihamia na ya pili, aliyekuwa mshindi ndiye anayekuwa ameshindwa kwa 115-113. Katika pambano la raundi 10 ni vivyo hivyo: raundi 6 kwa 4 ni 96-94, na 5 kwa 5 ni 95-95.

Hesabu hii ndiyo inayowachanganya watazamaji wengi. Bondia aliyemwelemea mwenzake vibaya katika raundi 5 bila kumwangusha hupata raundi 5 tu, kila moja 10-9. Mwenzake aliyezichukua raundi 7 zilizobaki kwa tofauti ya makonde mawili matatu hupata 10-9 zilezile, na ndiye anayeshinda. Kwa hiyo inawezekana kabisa bondia apige makonde mengi zaidi, atoke uso wake ukiwa mzima kuliko wa mwenzake, na bado apoteze kwa halali. Kuangushwa hubadilisha mambo: aliyeshinda raundi 7 lakini akaangushwa katika moja ya zile 5 alizopoteza huwa na 114 kwa 113, yaani amebakiwa na pointi moja tu ya usalama.

Katika mapambano mengi ya kulipwa karatasi za majaji hukusanywa kila raundi inapokwisha, hivyo jaji hawezi kurudi nyuma kusahihisha raundi ya 3 baada ya kuona ya 9.

Wanachotazama majaji

Vigezo vinavyotajwa mara nyingi ni vinne: makonde yanayofika sawasawa, ushambuliaji wenye matunda, uwezo wa kuutawala ulingo, na ulinzi. Cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote. Konde lililotua kwenye glovu au mkono wa mpinzani si pointi, hata kama ukumbi mzima umeshangilia. Vilevile, kumfuata mpinzani mbele wakati wote hakuhesabiwi kama anayefuata ndiye anayechapwa.

Hata hivyo, vigezo hivi havina mizani. Jaji mmoja huvutiwa na bondia anayerusha makonde machache makali, mwingine na anayepiga mengi mepesi na kuondoka. Katika raundi iliyo wazi tofauti hiyo haina athari. Katika raundi ambayo hakuna aliyeonekana kuizidi nyingine, ndiyo inayoamua, na pambano la ushindani mkali huwa na raundi kama hizo tatu au nne.

Jambo lingine ni mahali pa kukaa. Mgongo wa bondia au wa mwamuzi unaweza kumficha jaji konde ambalo jaji wa upande wa pili ameliona vizuri. Mtu anayetazama kwenye televisheni, kwa upande wake, huona kupitia kamera iliyoinuliwa juu, tena hurudiwa picha na kusikia mtangazaji akieleza kilichotokea. Hivyo mtazamaji aliye kwenye kibanda umiza huko Handeni au Korogwe na jaji aliye mita mbili kutoka ulingoni huwa hawajatazama kitu kilekile.

Mfano unaotajwa sana ni pambano la uzito wa juu kati ya Lennox Lewis wa Uingereza na Evander Holyfield wa Marekani, tarehe 13 Machi 1999 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Kwa hesabu za kampuni ya CompuBox, Lewis alifikisha makonde 348 na Holyfield 130. Majaji walitoa sare: Stanley Christodoulou wa Afrika Kusini alimpa Lewis 116-113, Eugenia Williams wa Marekani alimpa Holyfield 115-113, na Larry O'Connell wa Uingereza aliandika 115-115. Williams alilaumiwa hasa kwa raundi ya 5, ambayo alimpa Holyfield. Alipohojiwa baadaye alieleza kwamba alichokiona kwenye video hakikulingana na alichokiona kutoka kitini pake usiku ule. Wengi walisema alimpendelea Mmarekani mwenzake, lakini maelezo hayo yanasahau kwamba Mwingereza O'Connell naye hakumpa ushindi Mwingereza mwenzake. Walirudiana tarehe 13 Novemba 1999 mjini Las Vegas, na Lewis alishinda kwa majaji wote watatu.

Philip Waruinge

Katika Afrika Mashariki, bondia ambaye historia yake inaonyesha vizuri zaidi uzito wa kura moja ya jaji ni Philip Waruinge wa Kenya. Alikuwa bondia wa ridhaa wa uzito wa unyoya, na alitwaa medali ya dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mara mbili, mjini Kingston mwaka 1966 na Edinburgh mwaka 1970.

Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico City alifika nusu fainali na kukutana na Antonio Roldán, bondia wa nchi mwenyeji. Wakati huo ngumi za Olimpiki zilikuwa na majaji watano. Watatu walimpa Roldán na wawili walimpa Waruinge, naye akabaki na medali ya shaba. Roldán alipata dhahabu baada ya mpinzani wake katika fainali, Mmarekani Albert Robinson, kuondolewa kwa kosa la kupiga kichwa.

Kisha Waruinge akapewa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia aliyeonyesha ufundi bora kuliko wote katika michezo hiyo. Kwa kawaida kombe hilo humwendea mmoja wa washindi wa dhahabu. Safari hii lilikwenda kwa mshindi wa shaba, na ni vigumu kulielezea hilo bila kukumbuka kura ile ya 3-2.

Miaka minne baadaye, mjini Munich, Waruinge alifika fainali na kupambana na Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovyeti. Matokeo yalikuwa 3-2 tena, na kwa mara nyingine hayakuwa upande wake. Alirudi na medali ya fedha. Hivyo jaji mmoja mwaka 1968 na jaji mmoja mwaka 1972 ndio waliomtenganisha na ushindi katika mapambano hayo mawili. Baadaye aliingia ngumi za kulipwa nchini Japani, ambako alijulikana kwa jina la Waruinge Nakayama.

Seoul 1988 na mashine

Uamuzi uliobishaniwa kuliko wote katika Olimpiki ulitolewa Seoul tarehe 2 Oktoba 1988, katika fainali kati ya Roy Jones wa Marekani na Park Si-hun wa Korea Kusini. Hesabu ya makonde ilikuwa 86 kwa 32 upande wa Jones, lakini Park alitangazwa mshindi kwa kura 3-2. Waliompa Jones walikuwa majaji kutoka Hungaria na Umoja wa Kisovyeti. Waliompa Park walitoka Uruguay, Moroko na Uganda. Mganda huyo alikuwa Bob Kasule. Mwaka 1997 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza kwamba haikupata ushahidi wa rushwa, na matokeo yakabaki. Kama ilivyokuwa kwa Waruinge, aliyeshindwa ndiye aliyepewa Kombe la Val Barker. Park mwenyewe alisafiri hadi Marekani mwaka 2023 na kumkabidhi Jones medali ile.

Katika michezo hiyohiyo Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani kwa KO katika raundi ya 2. Karatasi za majaji hazikuhitajika.

Kashfa ya Seoul ilileta mashine. Kuanzia Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 kila jaji alibonyeza kitufe kila alipoona konde limefika, na pointi ilihesabiwa tu kama majaji watatu kati ya watano wamebonyeza ndani ya sekunde moja. Upendeleo ulitarajiwa kupungua, lakini ngumi zenyewe zilibadilika. Makonde ya mwilini na yale ya mfululizo wa haraka yalipotea kwa sababu vidole vya majaji havikuwahi, na mabondia wakajifunza kudonoa kichwani kwa konde moja moja. Mwaka 2013 ngumi za ridhaa zilirudi kwenye pointi 10.

Malalamiko nayo yalirudi. Baada ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, majaji na waamuzi wote 36 wa michezo hiyo walizuiwa kuchezesha Olimpiki iliyofuata, na uchunguzi wa Richard McLaren uliotolewa mwaka 2021 ulieleza kuwapo kwa mpango wa kupanga matokeo.

Tanzania

Nchini Tanzania ngumi za ridhaa na za kulipwa zina vyombo tofauti. Za kulipwa husimamiwa na Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania (TPBRC). Mkoa wa Tanga, ambamo zimo wilaya za Handeni na Korogwe, ndio nyumbani kwa Hassan Mwakinyo, aliyepata umaarufu mkubwa tarehe 8 Septemba 2018 alipomshinda Sam Eggington kwa TKO katika raundi ya 2 mjini Birmingham, Uingereza. Alishinda ugenini, mbele ya mashabiki wa mwenzake, na hakuna aliyebaki na la kubishia.

Mambo yalikuwa tofauti nyumbani. Tarehe 29 Novemba 2019, katika Uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam, Mwakinyo alimshinda Mfilipino Arnel Tinampay kwa pointi baada ya raundi 10. Tinampay alikuwa akisonga mbele na kushambulia muda mrefu, na mashabiki waligawanyika, hata Watanzania wenyewe: wapo walioona Mwakinyo amebebwa na uwanja wa nyumbani, na wapo walioona kwamba kumsukuma mtu nyuma si sawa na kumpiga. Mgawanyiko huo unafuata vigezo vilivyotajwa juu. Kila upande ulikuwa umeshika kigezo chake.

Aina za matokeo na malalamiko

Majaji wote watatu wakimpa bondia mmoja, ushindi ni wa kauli moja. Wawili wakimpa mmoja na wa tatu akampa mwenzake, uamuzi umegawanyika. Wawili wakimpa mmoja na wa tatu akaandika sare, ni ushindi wa wengi. Sare hutokea wawili wakiandika sare, au kila jaji akiwa na jibu lake kama ilivyokuwa New York mwaka 1999.

Kosa la kujumlisha linaweza kusahihishwa hata baada ya mshindi kutangazwa. Maoni ya jaji juu ya nani alishinda raundi hayasahihishwi, isipokuwa kukithibitika udanganyifu. Kinachobaki kwa anayelalamika ni kuomba marudiano, ambayo humtegemea promota na mshindi mwenyewe kukubali. Bondia wa kulipwa hubaki na alama ya kushindwa kwenye rekodi yake, na rekodi hiyo ndiyo anayoitumia kudai malipo ya pambano linalofuata. Chama cha WBC kimejaribu kutangaza pointi baada ya raundi ya 4 na ya 8 ili kila kona ijue ilipo. Wanaopinga utaratibu huo husema aliyeongoza hucheza kwa kukimbia raundi za mwisho, na jaji huanza kusikia kelele za ukumbi kabla hajamaliza kazi.