Kitambulisho Kimoja, Fomu Mbili: Historia ya Mgongano wa Vitambulisho kwa Kuanzia Kyambogo

Kabla ya mwaka 2003, kilima cha Kyambogo jijini Kampala kilikuwa makao ya taasisi tatu. Chuo cha ualimu, kilichoanzia Nyakasura mwaka 1948, kilihamia hapo mwaka 1954. Chuo cha ufundi kikafuata mwaka 1958 kutoka Makerere. Taasisi ya elimu maalumu, UNISE, ilizaliwa ndani ya chuo cha ualimu na baadaye kujitegemea. Chini ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001, zote tatu ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Muungano wa aina hiyo huzua swali ambalo wanahistoria wa utawala hulipita haraka: namba iliyotosha kumtambulisha mwanafunzi katika daftari moja humtambulisha nani madaftari matatu yanapowekwa pamoja?

Katika mitihani, Uganda ilikwisha kulijibu. Baraza la Taifa la Mitihani, UNEB, lililoundwa mwaka 1983, humpa mtahiniwa namba yenye sehemu mbili: ya kituo, kisha yake mwenyewe. Mtahiniwa 001 yupo katika kila shule, wala hachanganywi na mwenziwe maadamu namba ya kituo haikuachwa.

Waandishi wa kurasa za wavuti walikumbana na swali lilo hilo. SGML, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, ilikuwa na kitambulisho kisichoruhusiwa kujirudia katika hati nzima. HTML 2.0 ya Novemba 1995 ilipoingiza fomu, kila sehemu ya kujazia ilipewa jina tu. Jina husafiri pamoja na data kwenda kwenye seva, na mpaka wake ni fomu yenyewe. Fomu mbili zaweza kuwa na sehemu iitwayo “simu” bila ugomvi, kwa kuwa hutumwa moja moja. HTML 4.0 ya Desemba 1997 ilieneza kitambulisho, yaani “id”, karibu kwa kila elementi, na kuruhusu lebo ifungwe kwenye sehemu yake kwa kukitaja. Mpaka wa kitambulisho, tofauti na wa jina, ni ukurasa mzima. Wengi walizoea kuandika neno moja mahali pote pawili. Mazoea hayo hayakudhuru hadi fomu ya pili ilipoingia ukurasani.

Kivinjari hakikatai kosa hili, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Hukichukua kitambulisho cha kwanza na kunyamaza. Lebo ya fomu ya pili ikibonyezwa, kielekezi huruka hadi fomu ya kwanza. Kwa anayeona, huo ni usumbufu. Kwa asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini kwa sauti, sehemu ya pili yaweza kusomwa bila jina lolote, naye asijue anaandika nini wapi. Katika chuo kilichorithi kazi ya UNISE, hilo si jambo la mafundi peke yao.

Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Desemba ya mwaka huohuo, mwongozo wa WCAG 2.0 ulitaka vitambulisho visijirudie. Toleo la 2.2 la Oktoba 2023 liliondoa kigezo hicho. Kuiona hatua hiyo kuwa ruhusa ni kuusoma mwongozo vibaya, kwani lebo iliyopotea bado huvunja vigezo vingine.

Dawa inafanana na ya UNEB: kitambulisho kitanguliwe na alama ya fomu, “usajili-simu” na “malipo-simu”, huku jina likibaki “simu” kwote. Fomu inayozalishwa na programu mara nyingi iongezewe namba ya mfuatano. Sehemu ikiwekwa ndani ya lebo yake, kitambulisho hakihitajiki kwa ajili ya lebo. Mikataba ya ununuzi wa mifumo ya umma ingefaa kudai ukaguzi ufanywe kwenye ukurasa uliokamilika, kwa sababu kila fomu ikikaguliwa peke yake hufaulu.