Upekuzi wa Mwenendo wa Zamani: Kutoka Kambi ya FRELIMO hadi Usaili wa JKT, Nachingwea na Ruangwa

Katika utumishi wa umma nchini Tanzania, uchunguzi wa mtu kabla ya kukabidhiwa siri za Serikali huitwa upekuzi. Wilayani Nachingwea, swali la msingi la upekuzi, yaani uzito wa makosa ya zamani, liliwahi kujibiwa kwa namna tofauti kabisa na ya sasa.

FRELIMO ilipoweka kambi yake ya mafunzo Nachingwea katika miaka ya 1960, mji ulikuwa bado na alama za mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Waliopokelewa kambini walikuwa wakulima, wakimbizi, wanafunzi, na hata askari waliotoroka jeshi la Wareno. Kumbukumbu zao za jinai zilikuwa mikononi mwa adui, na kosa machoni pa adui lingeweza kuwa sifa. Kwa hiyo mgeni alitakiwa kusimulia maisha yake mbele ya wenzake: mateso aliyoyapata, na utumishi wowote aliowafanyia Wareno. Kilichopimwa kilikuwa ukweli wa msimuliaji, na kuficha ndilo lililokuwa kosa.

Isidhaniwe kwamba njia hiyo ilikuwa ya huruma. Mwaka 1975, Uria Simango, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa FRELIMO, alilazimishwa kusoma ungamo refu hadharani papo hapo Nachingwea. Ungamo halikumwokoa. Yeye na wenzake, akiwemo Lazaro Nkavandame, waliuawa baadaye bila kufikishwa mahakamani.

Leo Nachingwea ina kikosi cha JKT, 843 KJ. Kijana wa Nachingwea au Ruangwa anayeomba kujiunga kwa kujitolea huthibitishwa mwenendo kuanzia kijijini, kisha husailiwa. Matangazo ya JKT yamekuwa yakitaka mwombaji awe hajawahi kujihusisha na dawa za kulevya kama bangi. Neno zito hapo ni "hajawahi", kwa kuwa halina kikomo cha miaka. Ibara ya 67 ya Katiba ya mwaka 1977, kinyume chake, humzuia aliyetiwa hatiani na mahakama kwa kukwepa kodi asigombee ubunge ikiwa hukumu hiyo ilitolewa ndani ya miaka mitano kabla ya Uchaguzi Mkuu. Mkwepa kodi ana tarehe ya kusubiri. Aliyevuta bangi akiwa na umri wa miaka 16 hana. Naye hapotezi nafasi moja tu, maana cheti cha JKT kimekuwa sharti la kuomba kazi katika JWTZ na katika baadhi ya vyombo vingine vya ulinzi.

Masharti ya aina hii yana udhaifu ambao viongozi wa kambi ya zamani wangeutambua mara moja: hayamwachi mwombaji sababu yoyote ya kusema kweli. Anayekiri huondolewa, anayenyamaza hupita, mradi mwenyekiti wa kijiji asiwe amesikia lolote kutoka kwa majirani.