Kichocho cha ziwani si kama cha Pwani

Huku Pwani mtoto akikojoa damu sote twajua ni kichocho. Nawaandikia ninyi wenye watoto shuleni Migori na Homa Bay, kwani huko dalili hiyo haitawafaa. Kichocho cha ziwani, kuanzia Mbita hadi Muhuru Bay, hukaa kwenye mishipa ya utumbo na mayai yake hutoka na choo kikubwa. Mkojo waweza kuwa safi huku ini na bandama vikivimba. Basi mtoto akipimwa, ulizeni: choo kimepimwa?

Mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni ulianza 2009. Dawa ni mbili. Albendazole ni ya minyoo ya tumbo, haiui kichocho. Ya kichocho ni prazikwanteli, nayo hutolewa kulingana na kimo cha mtoto, akiwa ameshakula. Aliyefunga, mzazi azungumze mapema na mhudumu wa afya.

Dawa haizuii kuambukizwa tena. Akirudi kuoga ziwani penye konokono, ataupata upya. Akikosa siku ya dawa, mpelekeni zahanati, msingoje mwaka ujao.